Kuta za Chumba cha Muziki

Mume wangu alipostaafu upimaji ardhi, alihamia chumba cha wageni na santuri zake pamoja na spika mbili zenye urefu wa mtoto wa darasa la pili. Ukuta wa chumba hicho ndio unaogusa kitanda changu. Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku, nalala mchana. Yeye usiku hawezi kupiga muziki kwa sababu jirani wa juu hugonga sakafu, kwa hiyo hupiga mchana. Wiki hiyo nilibakiza kidogo tu nimchome mgonjwa sindano ya mwenzake. Nilihitaji usingizi, si mzaha.

Basi aliposema kuta za chumba chake zinataka kufunikwa, nilikubali kabla hajamaliza.

Akaanza kupiga makofi. Alisimama kila kona, akapiga kofi moja, akainamisha kichwa kusikiliza mwangwi. Binti yetu alipopiga simu nilimwambia asubiri, baba yake anapiga makofi. Binti akapendekeza trei za mayai. Baba mtu akajibu kwamba trei za mayai ni za mayai. Sponji nayo akaikataa, eti inameza sauti nyembamba na kuziacha nene zikizurura. Alitaka fremu za mbao zilizojazwa sufu ya mawe, ile kama pamba ngumu inayomeza sauti, na kuvikwa kitambaa.

Dada yake, yaani wifi yangu, ni fundi makochi. Akaja kupima. Alimkalisha kaka yake kwenye kochi, akanipa kioo changu cha chumbani nikitembeze ukutani. Pale kaka yake atakapoiona spika ndani ya kioo, ndipo sauti inapodunda, na ndipo fremu itundikwe.

"Rudi nyuma, mama," mume wangu akaniambia. "Hapo. Hapana, hapo naona kidevu chako."

"Hicho nacho kinadundisha sauti," wifi akasema. "Tangu siku ya harusi."

Nilimwacha acheke. Nilidai fremu nene kuliko zote, mbili za ziada upande wa kitanda changu, na pazia zito dirishani. Mume wangu alikubali kila nilichosema kwa upole ambao ungepaswa kunishtua.

Kazi ilipokwisha nikaenda kulala. Mume wangu akaweka santuri. Tarumbeta zikaja vilevile, ila sasa nilimsikia hadi mpigaji akivuta pumzi.

Nilitoka na blanketi begani. Wifi, akikusanya misumari, akaniambia bila kunitazama kwamba fremu husafisha sauti iliyomo ndani. Kuizuia isitoke ni kazi nyingine, ya kujenga ukuta wa pili.

Nikamgeukia mume wangu. "Ulijua?"

"Ningekwambia, ungekubali?"

Wifi akakumbuka ghafla kwamba ana mteja.

Nilichukua mto wangu, nikazima mtambo, nikamtoa mtu kwenye kochi, nikajilaza katikati ya zile fremu. Chumba kilikuwa kimya kama kimefungwa kwa pamba. Nikalala fofofo.

Nilipofumbua macho ilikuwa jioni. Alikuwa ameketi sakafuni kando ya spika, mikono magotini.

"Umekoroma," akasema taratibu. "Nimesikia kila kitu, mpaka ulimi ukigusa kaakaa. Safi kabisa."

Alikuwa na furaha ya kweli. Nikamwambia chumba ni changu kila siku mpaka nitakapoamka, santuri zisubiri.

Akafikiri. "Na nikikaa kimya, naruhusiwa kuingia?"

Nikamwambia aingie bila viatu, na arudishe mlango.