Bibi Mwenye Vidonda

Niliuawa Mbinga mjini, kwenye banda la gemu la Shamimu, mchana kweupe, watu wakiangalia. Aliyeniua alikuwa anakunywa soda.

Ngoja nieleze. Mjukuu wangu Devotha anatengeneza magemu huko Dar. Yale ambayo mtu anajifanya mtu mwingine, anatembea nchi isiyokuwepo, anaongea na watu wake, anapewa kazi. Kahawa ilipoiva alikuja hapa Mkumbi na simu yake, akasema, "Bibi, nipe ile hadithi ya bibi mwenye vidonda." Hadithi yenyewe ni ya kwetu ziwani, nilikuja nayo nilipoolewa huku milimani. Mama wa msichana anaumwa vidonda, msichana anatumwa kufuata dawa mbali, njiani anamkuta bibi kizee ananuka, inzi wamemjaa. Anamwambia, "Mjukuu wangu, nioshe."

Nikamsimulia huku nachambua kahawa. Mwisho hakuujua. Alipokuwa mdogo alikuwa anasinzia kabla, na kwetu asiyeitikia hasimuliwi. Ukilala, hadithi inakaa pale pale ulipoiachia. Hata siku ile hatukufika, wakaja watu wa jumuiya kusali. Akasema mwisho atakuja kuuchukua. Kabla hajaondoka akaniambia, "Bibi, hebu lia kidogo, kama umejikwaa na jembe." Nikalia. Tukacheka wote wawili.

Ndicho kilio nilichokisikia kwa Shamimu.

Shamimu mwenyewe ndiye alinipigia: "Shikamoo Bibi Kunigunda. Njoo uone, umekuwa msanii!" Kumbe Devotha amelipeleka gemu pale lijaribiwe na vijana, kabla ya kulikabidhi kwa kampuni iliyoliagiza. Nikapanda bodaboda, nimevaa kitenge cha kanisani. Nikamkuta Devotha amesimama nyuma ya Vitalis, yule fundi wa pikipiki. Kwenye runinga kibibi kimekaa kando ya njia, kinasema kwa sauti yangu, "Mjukuu wangu, nioshe."

Vitalis hakusalimia. Akauliza wenzake, "Huyu ukimwosha anatoa nini?"

"Mkuki."

"Na ukimuua?"

"Mkuki na kibuyu cha nguvu."

Akabonyeza, akaniua. Nikalia kama niliyejikwaa na jembe. Banda zima likacheka, na Shamimu naye, halafu akaniona, akaziba mdomo kwa ushungi.

Mimi sigombani mbele za watu. Nilingoja tutoke nje.

"Nani alikwambia yule bibi ana mkuki?"

"Bibi, magemu ya aina hii yana taratibu zake," Devotha akasema. "Lazima kuwe na mzee mwenye hekima, anampa shujaa silaha."

"Yule hana hekima. Ana vidonda."

"Sawa, lakini mchezaji akimwosha asipate kitu, ataona amefanya kazi bure."

"Na ni kazi bure! Ukijua atakupa mkuki, hujamwosha mtu. Umenunua mkuki."

"Angalau Vitalis anachagua. Ninyi mlikuwa mnakaa tu kusikiliza."

"Tulikuwa tunaitikia. Na Vitalis amechagua nini pale? Mkuki, au mkuki na kibuyu? Halafu huo mkuki ni wa kumchoma nani?"

"Joka. Liko ziwani."

"Ziwa hili? Mimi nimezaliwa pale. Tuna mamba, tuna viboko, tuna wanaume walevi. Joka umelitoa wapi?"

"Magemu ya wenzetu yote yana joka, Bibi."

"Basi waachie lao."

Kesho yake asubuhi akanifuata nyumbani. Akaweka simu juu ya kinu. "Bibi, nataka mwisho tu. Wanalitaka Ijumaa. Nisipopeleka, kazi yangu ya mwaka mzima imekwenda na maji."

Macho yake yalikuwa mekundu, na huruma ilinishika, sikatai. Nikamwambia nitampa. Ila auondoe mkuki, na mtu akimuua yule bibi njia ifungwe, gemu lisimame hapo hapo, kama hadithi inavyosimama msikilizaji akilala.

"Watazima, Bibi."

"Wazime."

"Basi nitakwenda kumrekodi jirani yako, Bibi Ephrasia."

"Ephrasia! Hata kuku wake hawamwitikii."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akasogea, akanishika mkono, akasema kwa sauti ya asali, "Ukinipa mwisho, nitakununulia kitenge kizuri, na godoro jipya."

Hapo moyo ukagoma. Muda wote nilikuwa nabishana na mjukuu wangu, kumbe mbele yangu yuko Vitalis mwingine, anapima huyu bibi nimbonyeze wapi atoe. Nikaichukua simu juu ya kinu, nikamtia mkononi.

"Nenda ukaue joka lako."

"Bibi, una roho mbaya."

"Ninayo. Iweke na hiyo kwenye gemu."

Akavaa kofia ya bodaboda, akaondoka bila kuaga.

Gemu lilikabidhiwa. Shamimu ananiambia sasa kile kibibi kinaongea kwa sauti ya Ephrasia, "na anakufa vizuri kuliko wewe, Bibi." Mwishoni joka linachomwa, vijana wanashangilia. Ephrasia kapata godoro. Ameniita nikalione, sijaenda na siendi.

Mwisho ninao mimi. Msichana alimwosha yule bibi mpaka inzi wakaondoka. Bibi akamwambia, "Haya, nenda." Hakumpa hata jani. Msichana akarudi kwao analia, mikono mitupu, inanuka. Akamkuta mama yake mlangoni, na vidonda vyake ni vile vile. Akachota maji.

Zamani Devotha alikuwa anaukosa mwisho huu kwa usingizi. Safari hii ameuacha akiwa macho.