Mzaliwa wa Keroka

Ilani ililetwa Jumatatu na askari wa chifu, nami ndiye niliyemsomea Devshi, kwa kuwa miwani yake ilikuwa imejaa unga. Ilisema kwamba mtu asiye raia haruhusiwi tena kufanya biashara Keroka, Nyamira, Nyamache wala katika soko lolote la wilaya yetu. Chini yake iliandikwa miji ambako angeweza kuomba kibali: Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru. Mwenye la kusema alitakiwa afike ofisi ya wilaya, Kisii, kabla ya Ijumaa saa kumi na nusu.

"Soma tena, Machogu," Devshi aliniambia kwa Ekegusii, lugha yetu.

Wazazi wake walikuwa Wahindi, lakini Ekegusii chake kilikuwa safi kuliko changu. Nilikuwa nimemwendeshea mashine ya posho kwa miaka sita, na hata matusi yangu mazuri nilijifunza kwake. Nilisoma tena. Wanawake waliokuwa kwenye foleni na madebe yao ya mahindi walisogea karibu.

"Ukifukuzwa, uende na Machogu," Jemimah, muuza ndizi, alisema. "Hapa hakuna msichana anayemtaka."

Walicheka, naye Devshi akacheka nao. Mogaka hakucheka. Alikuwa na duka ng'ambo ya barabara, na kwa muda mrefu alikuwa akiipigia hesabu ile mashine.

"Sheria ni sheria," alisema. "Mgeni arudi kwa wageni wenzake. Nairobi wako wengi, atapata wa kuongea naye."

"Wako wengi, ndiyo maana hakuna anayewaona," nilimjibu. "Hapa yuko mmoja, basi kila jicho liko kwake. Na ndugu yako anayechuma chai Kericho, yeye ni mwenyeji wa huko tangu lini? Akiandikiwa karatasi kama hii utasema sheria ni sheria?"

"Wewe kijana, mdomo wako utakuponza."

"Wako hauponzi mtu, unanuka tu."

Wanawake walipiga vigelegele. Nilijiona mshindi. Mwaka ule wa 1969 nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na niliamini kwamba hakuna jambo lisilonyooka ukilikemea vya kutosha.

Jioni Devshi alinionyesha cheti cha kuzaliwa cha marehemu mama yake, kilichotolewa Kisumu. Wakili mmoja alikuwa amemweleza kwamba aliyezaliwa Kenya na mzazi aliyezaliwa Kenya ni raia, bila kuomba. Cheti cha mama kilikuwapo. Cha kwake hakikuwapo. Kisumu Wahindi walikuwa mtaa mzima, nao mtaa mzima hupata karani wa kuandika watoto wake. Keroka ya mwaka 1931 walikuwa nyumba moja tu. Nani angepanda milima hii kuja kuandika mtoto mmoja?

"Nilizaliwa chumba kile pale," alisema, akionyesha stoo ya magunia. "Aliyenipokea bado yu hai."

Alikuwa bibi Nyanchera, mkunga wa zamani wa kijiji cha juu. Ofisi ilikubali shahidi wa kuapa, mradi awe aliona kwa macho yake. Devshi alikuwa na mke na mabinti watatu, na hakuwa na ndugu Nairobi wala India. Kila alichokuwa nacho kilisimama juu ya macho ya yule bibi.

Mimi ndiye niliyepanga mambo. Bibi hakujua Kiswahili, na nilijua kwamba Onyancha, mkalimani wa ofisi ile, alikuwa amemwoa binti wa Nyanchera. Kulikuwa na mkalimani mwingine, mtu wa Mosocho, lakini nilimwendea Onyancha nikamwomba awe zamuni Ijumaa. Nilifikiri mkwe hatamwangusha mama mkwe wake. Onyancha alikuna kichwa.

"Atasema mambo gani?"

"Ya kuzaliwa kwa Devshi."

"Mbele yangu?"

"Ofisini hakuna mkwe," nilisema. "Kuna serikali. Au bado unaishi zama za ngozi?"

Alikuwa mtu mpole, na mtu mpole akichekwa hukubali.

Sisi Abagusii tunayo chinsoni, yaani aibu ya heshima kati ya wazazi na watoto, na kati ya mkwe na wazazi wa mkewe. Mama mkwe hataji mambo ya mwili wala ya uzazi mkwewe akiwapo. Hata kupeana mkono hawapeani. Nilikuwa nimeyajua hayo tangu utotoni. Niliyaona ni vumbi la wazee.

Ijumaa Devshi alituchukua kwa pikapu yake. Nyanchera alikaa mbele, kitambaa cheupe kichwani, kwa maana alikuwa Msabato na alitaka kurudi nyumbani kabla jua halijatua.

"Hata kulia hukulia," alimwambia Devshi njiani. "Nilikuchapa matako mara mbili. Mara ya tatu ukanikojolea."

"Uwaambie hivyo hivyo, mama," Devshi alisema.

"Nitawaambia. Kwani nitaogopa nini?"

Tulingoja kwenye benchi mpaka saa kumi. Tulipoitwa, afisa alikuwa mtu wa Taita aitwaye Bwana Mwadime, mwembamba, mwenye adabu, faili tele mezani. Kando yake alisimama Onyancha.

Nyanchera alimwona, akasimama mlangoni. Kisha akanigeukia. Sijawahi kutazamwa hivyo tena.

"Ulijua?" aliniuliza.

"Ni ofisi tu, magokoro," nilisema, maana ndivyo tunavyomwita bibi. "Sema kama ulivyosema garini."

Aliapa kwa sauti ndogo. Bwana Mwadime aliuliza kama alimwona mtu huyu akizaliwa. Onyancha alilifasiri swali huku akiangalia sakafu. Nyanchera alishika pindo la kitambaa chake. Saa ya ukutani ilisema kumi na dakika kumi.

"Shahidi haelewi?" afisa aliuliza.

"Anaelewa, bwana," Devshi alisema.

"Mwombaji asiseme. Mkalimani, rudia swali."

Onyancha alirudia. Hapo Nyanchera alivuta kitambaa mpaka kikamfunika uso, akatupa sote mgongo, akauegemea ukuta. Akasema. Alisema yote: uchungu wa siku mbili, damu, jinsi alivyomshika mama wa Devshi magoti, kichwa kilivyotoka, kitovu alichokata na mahali alipozika kondo nyuma ya stoo. Sauti yake ilitetemeka tangu mwanzo hadi mwisho, lakini haikusimama. Devshi alikuwa akilia. Nami nilitaka kupiga makofi.

Afisa aliinua kalamu. "Anasema nini?"

Jasho lilikuwa likimtiririka Onyancha shingoni.

"Anasema anamjua mwombaji tangu utotoni," alisema kwa Kiswahili. "Walikuwa majirani."

"Hivyo tu? Amesema maneno mengi."

"Ni wazee, bwana. Huzunguka."

"Sivyo!" Devshi alisimama. "Bwana, sivyo alivyosema!"

"Mkalimani, umefasiri yote?"

Onyancha alimtazama yule mama aliyeupa ukuta uso. Nadhani alitaka. Nadhani yale maneno yalimfika kooni. Lakini kuyatamka ilikuwa kumvua nguo mama wa mke wake mbele ya wanaume watatu.

"Yote, bwana," alisema.

Bwana Mwadime aliweka kalamu chini. Hakuwa mjinga, aliona kwamba kuna kitu. "Kuna mkalimani mwingine hapa," alisema polepole. "Labda tumwite kabla hatujafunga..."

Angemwita. Naapa angemwita. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kupandwa na hasira.

"Umwite wa nini?" nilipiga kelele. "Wewe mwenyewe umetoka Taita! Nani alikupa kibali cha kukaa Kisii na kumfukuza mtu aliyezaliwa hapa? Afadhali yeye anajua lugha yetu!"

Uso wa afisa ulibadilika, ukawa kama mlango uliofungwa.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni mfanyakazi wangu," Devshi alisema kwa sauti ya chini.

"Askari, mtoe." Kisha akaandika, akisoma kwa sauti: "Shahidi hakushuhudia kuzaliwa kwa mwombaji." Akagonga muhuri.

Nilimkamata Onyancha kolani nje ya ofisi. Hakujitetea.

"Ungeyatamka wewe?" aliniuliza. "Ya mama mkwe wako? Niambie, Machogu, ungeyatamka?"

Niliiachia kola yake.

Tulikuwa garini, tumekaribia Keroka. Nyanchera hakuwa ameelewa Kiswahili cha ofisini. Alikuwa bado amejifunika.

"Mkwe wangu hatakanyaga kwangu tena mpaka achinjwe mbuzi wa kutusafisha aibu hii," alisema. "Si neno. Wameandika?"

Devshi alikaza mikono kwenye usukani. Nilijua kwamba angesema ndiyo, ili ampumzishe. Nilijua pia kwamba mwisho wa mwezi lori lingekuja kubeba vitanda vya mabinti zake, na bibi angeliona.

"Hawakuandika, magokoro," nilisema. "Onyancha hakuyasema. Afisa alitaka kumwita mwingine, nami nikamtukana."

Nyanchera alikivua kile kitambaa, akakikunja magotini.

"Simamisha gari, Devshi. Geuza. Nitasema tena. Nitamwambia hata askari wa langoni."

"Wamefunga, mama."

"Geuza, nimekuambia."

Jua lilikuwa limegusa vilima, na Sabato yake ilikuwa inaingia. Devshi alisimamisha gari lakini hakugeuza. Alilaza kichwa juu ya usukani. Nyanchera alihangaika na mlango mpaka ukafunguka, akashuka, akaanza kutembea kurudi Kisii, maili kumi na nne, bila viatu. Nilishuka nikamfuata. Nilimwita mara nyingi. Hakugeuka.