Wataanika Wapi?

Tangu mashindano makubwa yaishe na wageni wafungashe virago, uwanja ulibaki gofu, na dobi akaugeuza shamba lake la jua. Alifunga kamba kiti kwa kiti, jukwaa zima, akaanika shuka za nyumba ya wageni, sare za shule na ovaroli za mafundi. Kwake alikuwa na chumba kimoja chenye kidirisha cha kupitisha paka. Humo nguo hupata uvundo kabla hazijakauka. Bila jukwaa, hana kazi.

Asubuhi moja tingatinga likaja kuubomoa uwanja. Msimamizi wa mradi alisimama kando ya bango lenye picha ya mtaa mpya: maghorofa, miti, watu wanatabasamu.

"Mama, tulikutangazia mapema. Toa nguo."

"Nilisikia," dobi akasema. "Kusikia na kukubali si mapacha."

Wifi yake, aliyejitwika beseni la nguo mbichi, akacheka mpaka maji yakammwagikia mabegani.

"Hapa zinajengwa nyumba," msimamizi akasema. "Au unataka watu walale nje?"

"Jengeni, nani kakataza? Hata mimi naitaka moja. Ila hebu niambie, baba, hao wa kwenye picha wamevaa nguo?"

"Wamevaa."

"Zikichafuka?"

"Watafua."

"Wataanika wapi?"

Msimamizi akaitazama picha. Kwenye roshani zote palikuwa na maua tu.

"Kuanika nje hakutaruhusiwa. Kunaharibu sura ya mtaa."

"Makubwa!" wifi akadakia. "Mtaa wa watu wasiotoka jasho!"

Uso wa msimamizi ukakunjamana. Akampungia dereva mkono, asonge. Tingatinga likanguruma, likasogea kidogo, likasimama. Dereva akachungulia dirishani.

"Bosi, ovaroli yangu ile pale. Na lile shati la mistari si lako?"

Lilikuwa lake. Kambi nzima ya ujenzi ilikuwa ikimpelekea dobi nguo, na hakuna aliyewahi kujiuliza zinakaukia wapi.

"Basi anua zetu!" msimamizi akafoka.

"Mbichi."

Dobi akapanda ngazi, akaketi katikati ya jukwaa, maji ya shuka yakimdondokea kichwani.

"Chora kwanza mahali pa kuanikia kwenye huo mtaa wenu. Pawe pakubwa, penye jua. Mpaka umalize, mimi sibanduki."

Dereva akazima injini. Wifi akapanda na beseni lake, akaanza kukamua.