Msomaji wa Shamba la Kahawa

"Mama Simeon, mwambie huyo mume wako atoke kwa kahawa yangu!"

"Mwambie wewe, Ngatia. Kufa hakukumziba masikio."

Ngatia alikuwa upande wake wa ua, koti limefungwa hadi shingoni. Murugi alikuwa upande wake, na karai la viazi kiunoni. Chini ya mibuni Theuri, mume wa Murugi, alikaa juu ya debe akisoma kitabu cha ufugaji wa nyuki. Alifia kizuizini kabla ya Uhuru, na huko ndiko alikojifunzia kusoma.

Gari la vitabu kutoka Nyeri lilipoanza kuja kijiji cha Wamagana lilisimama sokoni, halafu kanisani. Sokoni wauza vitunguu waliteta, kanisani kwaya ikateta. Mwishowe dereva akapenda kivuli cha ua wa Ngatia, na Alhamisi ile ile Theuri akatokea, akapanga foleni kama watu wengine. Karani wa gari, Waithira, alimpenda. Mvua ilimpita bila kumlowesha, naye hakurudisha kitabu chenye madoa ya uji.

Shida ilikuwa itoka, yale maua ambayo Wagikuyu hupanda kwenye mpaka. Mashamba yalipopimwa upya, Theuri akiwa kizuizini, Ngatia aliyang'oa na kuyapanda karibu kabisa na mlango wa Murugi. Wamagana nzima ilijua, na ilisema kwa sauti ya chini. Sasa kila Theuri alipokanyaga, itoka ilichipuka kwenye mstari wa zamani. Ngatia aliing'oa kila Ijumaa.

Alasiri hiyo dereva alipowasha injini, Theuri alikuwa bado katikati ya kitabu.

"Nataka kwenda nacho," alisema.

"Hakuna shida, mzee," Waithira akajibu. "Lakini msomaji lazima awe na kwake, na jirani wa kumdhamini. Unakaa wapi?"

Theuri alionyesha ardhi chini ya miguu yake. "Hapa."

Murugi aliweka karai chini. Foleni nzima ilimgeukia Ngatia, hata wale waliokuja kusengenya tu. Ngatia akikubali mbele ya watu wote hao kwamba hapo ni kwa Theuri, Murugi angempeleka kwa wazee kesho asubuhi. Akikataa, mkewe Ngendo angechekwa kwenye kiwanda cha kahawa msimu mzima, ati bwanake amemnyima marehemu kitabu cha nyuki.

"Baba Warigia," Waithira akamwuliza Ngatia, "ni kweli anakaa hapa?"

Ngatia alikohoa. "Ni kweli, anakaa hapa."

Murugi alianza kutabasamu.

"Ni mgeni wangu," Ngatia akamalizia. "Mimi namdhamini."

Waithira akapiga muhuri. Watu walipiga makofi, wakasema kumbe Ngatia ni muungwana. Murugi aliinua karai lake. Viazi vilikuwa vizito kuliko alivyoviacha.

Ngendo akatoka mlangoni akifuta mikono kwa leso, akamwita Theuri kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Baba Simeon, mbona unasimama huko kama polisi wa chuo cha Kiganjo? Githeri iko tayari. Ingia ndani ule, mgeni wetu hawezi kulala njaa."