Kompyuta Iliyokaa Eda

Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, Bi Mwanamvua Shekilindi wa Muheza aliota akiwa amekunja ngumi. Alikuwa ametoka kugombana na shemeji yake, Mbaruku, juu ya kompyuta ya mezani ya marehemu mumewe. Kompyuta iliungua mwezi ule ule aliofariki Mzee Hemedi, na huu ulikuwa mwaka wa pili imekaa sebuleni inakula vumbi. Mbaruku alitaka aiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mkokoteni alikuja nao kabisa. Bi Mwanamvua hakutaka iuzwe, hakutaka itengenezwe, na hakutaka kuiona. Akamwacha shemeji yake uani, akaenda kulala.

Kompyuta ikaingia chumbani bila kupiga hodi. Ilikuwa imejitanda shuka jeupe, waya wake unaburuzika nyuma.

"Shikamoo, bi mkubwa," ikasema.

"Bi mkubwa wa nani?"

"Mimi mke mwenzio. Wewe ulishatolewa eda zamani. Mimi hakuna aliyenitoa."

Bi Mwanamvua hakushangaa. Hasira tu ndiyo iliyompanda. Miaka kumi na mmoja Mzee Hemedi alikula chakula cha jioni haraka haraka, akanawa, akaenda kuikalia kompyuta hiyo mpaka wakati wa kulala, amempa mkewe mgongo. Akiulizwa anafanya nini, anajibu, "Kazi." Karani mstaafu wa mahakama. Kazi ipi?

"Toka humu," anaiambia.

"Una uhakika? Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo!"

"Una uhakika kwamba una uhakika?"

Anaibeba kiunoni kama ndoo, anafungua mlango aitupe uani. Ua haupo. Nje ya mlango ni barazani, watu wamejaa kwenye mabenchi, na kesi inayosikilizwa ni yake. Hakimu ni printa, amevaa joho. Hasemi, maneno yake yanatoka kwenye karatasi, na mzee wa baraza mwenye miwani anayasoma.

"Mdai aeleze," anasoma mzee wa baraza.

"Huyu kanichukulia mume."

Printa anakoroma. Karatasi imekwama. Mzee wa baraza anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anavuta, anainyoosha gotini. "Mdai anaruhusiwa swali moja."

"Alikuwa anakuandikia nini?"

Kompyuta ikaganda. Na baraza zima likaganda nayo, watu midomo wazi, nzi kasimama hewani. Bi Mwanamvua akaipiga kofi la ubavuni, kofi lile la mumewe alilokuwa akilisikia kila jioni kutoka sebuleni. Nzi akaendelea na safari yake.

"Hakuwahi kuandika kitu," ikasema kompyuta. "Alikuwa anacheza karata."

"Na nani?"

"Peke yake."

"Anashinda?"

"Mara chache."

Bi Mwanamvua akasimama, benchi likaanguka. "Miaka kumi na mmoja! Mimi niko chumba cha pili, nachambua mchele, naongea na ungo! Karata nilimfundisha mimi, mwaka tuliooana, kwenye mkeka wa mama yake! Kilimshinda nini kuniita?"



"Kila akimaliza mchezo," ikasema kompyuta, "alikuwa anageuka kutazama mlango. Anakaa kidogo. Kisha anaanza mwingine."

"Kwani hakuwa na mdomo?"

"Alikuwa nao."

"Basi angeita! Mimi ningejuaje? Angeita!" Alikuwa analia sasa, na kulia kule kulimzidishia hasira.

Printa akatoa karatasi ndefu. Mzee wa baraza akasoma bila kuinua macho. "Kompyuta itabaki kwa mke mkubwa. Itatengenezwa. Mchezo alioacha marehemu haujaisha, na mke mkubwa ataumaliza. Weka dole gumba hapa."

"Mimi mwalimu mstaafu. Najua kusaini."

"Hapa ni dole gumba."

"Nimewafundisha nusu yenu kushika kalamu!"

Watu wawili wanamkamata mkono, wanamchovya.

Akaamka anatukana. Nje Mbaruku alikuwa anagonga mlango.

"Shemeji, mwenye mkokoteni anataka kuondoka. Nibebe au nisibebe?"

Bi Mwanamvua akafungua mlango kwa kishindo. "Haiuzwi! Kesho nitafutie fundi."

"Si sasa hivi tu umesema hutaki hata kuiona?"

"Nimesema haiuzwi, Mbaruku!" Akanyoosha mkono kumwonyesha njia.

Mbaruku hakuitazama njia. Aliutazama mkono.

"Shemeji," akauliza, "kwani leo kuna kura?"

Dole gumba lilikuwa la bluu mpaka kwenye kiungo, na wino ulikuwa bado haujakauka.