Firigisi ya Shemeji

Walinijadili masaa matatu mazima, na mimi nimekaa hapo hapo, kwa kiti cha plastiki karibu na friji. Ilikuwa nyumbani kwa mwanangu Titus, mtaa wa Shieywe, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana ambacho sikukila. Kwa miezi mitano hakuna chakula kilichokuwa kikishuka vizuri. Nilimeza tembe za vidonda vya tumbo mpaka nikazijua kwa rangi. Mwishowe wakaniingiza kamera kooni, wakakata kinyama kidogo wakakipeleka kupimwa, na jibu likarudi saratani. Daktari akasema haijatoka nje ya tumbo lakini imekaa pabaya. Kilichobaki ni kutoa tumbo lote.

"Lote?" shemeji yangu Chrispinus aliuliza. Yeye ni mdogo wa marehemu mume wangu, na tangu tumzike mzee amejipa kazi ya kuwa kichwa cha nyumba yangu. "Mtu bila tumbo? Sasa obusuma, ugali wetu, utaingia wapi? Kwa mguu?"

"Wanaunganisha koo na utumbo, baba mdogo," Titus akasema.

"Wanaunganisha! Mama yako ni mpira wa kumwagilia sukuma?"

Binti yangu Winrose akaanza kulia. Titus akasema ni lazima nipasuliwe. Chrispinus akasema niombewe kwanza, halafu nichemshiwe mizizi, halafu tungoje mwaka uishe tuone. Huyu anasema mama ni mzee, yule anasema mama bado ana nguvu. Mama, mama, mama. Hakuna aliyegeuza shingo kumuuliza mama mwenyewe anasemaje. Ni friji tu iliyokuwa ikinguruma nyuma yangu, kama imechoka nao pia.

Jumatatu nilimwambia Winrose anisindikize hospitali. Daktari alikuwa mama mmoja mwembamba, anaitwa Jepkoech, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuvuta kiti akakaa mbele yangu.

"Nikikataa?" nikamuuliza.

"Mwaka, Kukhu," akasema, akiniita nyanya kwa lugha yetu. "Pengine usifike."

"Na nikikubali?"

"Siwezi kukuapia. Lakini nafasi tunayo."

"Obusuma nitakula?"

"Utakula. Kidogo kidogo, mara nane kwa siku, unatafuna mpaka iwe uji. Maji usinywe pamoja na chakula. Sukari uiogope. Na njaa hutaisikia kama zamani, kwa hivyo utakula kwa saa, sio kwa hamu." Akanitazama vizuri. "Kidonda kikipona nitakuwekea dawa ya mshipani, ya kumaliza mabaki. Hiyo dawa ni kali. Ukishuka chini ya kilo arobaini na tano, siianzi. Na bila hiyo dawa, ugonjwa unaweza kurudi."

Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini jina langu naliandika. Niliandika Milcah pale kwa fomu, herufi moja baada ya nyingine. Winrose alitaka kunishikia kalamu nikamchapa kidole.

"Mama, ungetuambia kwanza," Titus akalalamika kwa simu.

Nilikuwa nimekaa masaa matatu karibu na friji yake. Angeuliza.

Basi nikapasuliwa. Siku kumi na mbili za mipira puani na ubavuni, sista akiniamsha nitembee wakati nataka kufa. Nikarudi kwangu kijijini Iguhu na kilo arobaini na nane, tumboni mshono mrefu kama zipu. Hapo ndipo nilijua kwamba kupasuliwa ndiyo ilikuwa sehemu rahisi.

Kwetu, mgonjwa haendewi mikono mitupu. Kila mtu huja na chakula chake, na mgonjwa lazima aonje. Usipoonja, umesema kitu. Hujafungua mdomo, lakini kijiji kizima kimesikia umemwita mtu mchawi. Kwa hivyo nilionja. Jirani yangu Nafula alileta uji wa wimbi wenye sukari ya kusimamisha kijiko. Nikaonja. Akina mama wa kanisa wakaja saba, kila mmoja na thamosi yake ya chai na hotipoti chini ya kwapa. Nikaonja zote saba. Hawajamaliza ombi la kufunga, moyo ukaanza kunipiga kama ngoma, jasho likanitoka mpaka kwa kope, tumbo ambalo sina likanisokota. Nilikimbia choo, nikaanguka mlangoni. Mwekahazina wao ndiye alinishika miguu, bado anasema amina.

Siku iliyofuata wakaleta nyingine. Walisikia mgonjwa amezidiwa, si wakaongeza?

Chrispinus alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma. "Mimi nilisema."

Wiki ya tano nilipanda mizani kule kliniki. Arobaini na nne. Daktari Jepkoech akavua miwani.

"Kukhu, ni nani anakulisha?"

"Kijiji."

Hakucheka. "Nakupa wiki mbili. Nataka arobaini na tano. Wiki mbili zikipita, tutakuwa tumechelewa sana."

Njiani Winrose akasema atafunga geti na kuwafukuza wote. Nikamwambia, fukuza, halafu ukae hapa wewe na majirani mnaochukiana, mimi nikienda. Hapana. Nilifikiria siku mbili nzima, nikiwa nimekasirika, na mimi hufikiria vizuri nikikasirika.

Wa kwanza alikuwa Nafula na jagi lake. Nilimkaribisha, nikamwambia Winrose alete kikombe kimoja, nikakisukuma mbele yake.

"Kunywa, Nafula."

"Mimi? Nimekuletea wewe." Uso ukambadilika. "Ama unafikiri nimeweka nini hapo ndani, Mama Titus?"

"Umeweka sukari. Hiyo ndiyo sumu yangu siku hizi, na daktari ameiandika. Kunywa nikuone. Mimi saa yangu ikifika nitakula yangu, tutakuwa tumekula pamoja."

Akanywa. Akakunja uso. Akanywa tena kidogo, akaweka kikombe chini. "Lakini kweli nilizidisha."

"Ndiyo huwa unanipa hivyo."

Kutoka siku hiyo, aliyeleta chakula alikila mwenyewe mbele yangu, chote, huku nikimwangalia. Mama wa kanisa mmoja alimaliza hotipoti ya wali peke yake, ikabidi alale kidogo kwa kochi. Wiki ya pili wakaanza kuleta mayai mabichi na samaki wadogo. Winrose alitega simu yake ilie mara nane kwa siku, na ikilia nilikula, hata kama chakula kilikuwa na ladha ya karatasi. Nilitafuna nikihesabu mpaka arobaini.

Jumapili Chrispinus akaja. Winrose alikuwa amemchinjia ingokho, yaani kuku, na juu ya bakuli akaweka firigisi, ile tunaita imondo, kwa sababu hiyo ni ya mwenye nyumba. Mwanamke haigusi. Miaka arobaini na sita nimepika firigisi katika nyumba hii, nikaosha, nikakwangua, na sijawahi kuijua ladha.

Akanawa mikono, akaanza. "Mama Titus, unapungua. Mtu hawezi kuishi bila tumbo, mimi nilisema hata kule Shieywe..."

Simu ikalia. Saa yangu. Nikanyoosha mkono, nikachukua firigisi kutoka kwa bakuli lake.

"Shemeji! Hiyo ni imondo!"

"Najua. Ni tumbo la kuku. Wewe unalo lako. Kuku alikuwa nalo lake. Hapa mezani asiye na tumbo ni nani?"

Winrose alitoka nje mbio, nikamsikia akicheka kando ya tangi la maji. Chrispinus alibaki na tonge mkononi. Nikaikata vipande sita vidogo kwa kisu, nikatia kimoja mdomoni, nikatafuna. Thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini. Nikameza. Nikangoja jasho. Halikuja.

"Na ni ngumu hivi," nikamwambia. "Hii ndiyo mmekuwa mkitunyima miaka hii yote?"

Nikala cha pili, na cha tatu.

Alhamisi alisema lazima aje kliniki, aone kwa macho yake. Titus naye akaja. Sista akaniambia nivue viatu. Nikapanda. Mshale wa mizani ukatetemeka, ukasimama. Arobaini na tano na kidogo.

"Hiyo mizani ni nzima?" Chrispinus akauliza.

"Panda wewe," nikamwambia.

Akapanda. Tisini na tatu. Sista akamwangalia. "Mzee, wewe rudi kesho asubuhi tupime presha."

Daktari Jepkoech aliandika tarehe ya dawa: Jumatatu. Akanishika bega, akaita mgonjwa mwingine. Huko nje kwa ukumbi Titus na baba yake mdogo walikuwa wameanza: nani atanileta Jumatatu, nilale wapi, kama nina nguvu za kutosha kwa hiyo dawa, kama haingekuwa vizuri tungoje mwezi uishe.

Simu ya Winrose ikalia. Nikakaa kwa benchi, nikafungua kitambaa, nikatoa yai la kuchemsha.

"Mama, hapa?" Titus akasema. "Tunataka kwenda."

"Hapa. Na Jumatatu nakuja. Sasa kaeni."

Nikaanza kutafuna. Wakakaa, wakangoja.