Kitasa cha Ndani

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Mvua ilianza kabla ya jua kuchomoza, ikanyesha nusu saa, ikakata ghafla kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine. Kufikia saa mbili asubuhi lilibaki joto la unyevu, na mawingu yamekaa chini, hayaendi wala hayarudi.

Ngazi aliingia karakanani akiwa na daftari kwapani na shati safi, shati la kukutana na mteja. Hilo la Ngazi si jina alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka ishirini na sita hakuna ngazi ya mbao iliyotoka pale bila kupita mikononi mwake, jina likamganda. Mwaka juzi kifua kilianza kumsumbua. Hospitalini walimsikiliza mgongoni wakamwambia kwa upole kwamba yeye na vumbi la mbao, basi. Mtu wa miaka hamsini na mitatu, kazi anayoijua ni moja, na kazi hiyohiyo ndiyo inayomziba pumzi. Akaenda kujiandikisha darasa la jioni la kompyuta. Akakaa kiti cha mbele, kati ya watu waliolingana na kitinda mimba wake, akaandika kila neno la mwalimu.

Mwenye karakana, mjane aliyeitwa na wote Mama Karakana, alikuwa amemwambia Jumatatu, bila kupandisha wala kushusha sauti: "Ngazi, sina maneno mengi. Jumamosi saa sita mteja anakuja. Nikiiona ngazi yake inazunguka kwenye kioo cha kompyuta, chumba cha michoro ni chako mpaka utakapochoka mwenyewe. Nisipoiona, namwita mtoto wa shemeji yangu, ana vyeti vyake. Wewe utarudi kwenye msumeno au utarudi nyumbani."

Kurudi kwenye msumeno ni kurudi kwenye vumbi. Mke wake alilijua hilo kuliko yeye. Asubuhi hiyo walipomaliza kuomba alimshika mkono.

Chumba chenyewe kilikuwa kona iliyokatwa kwa mbao nyembamba, hatua tatu kwa mbili. Dirisha lilikuwa na kioo ambacho Ngazi mwenyewe alikipigilia misumari ili vumbi lisiingie. Mlango haukuwa na kitasa. Miezi minne iliyopita aliking'oa kile cha zamani ili aweke kipya, kipya kikaja kikubwa kuliko tundu lake, akasema ataagiza kingine. Tundu akaliziba kwa kitambaa, akatia komeo kwa nje, juu, ili mlango usipigwepigwe na upepo. Tangu hapo anayekaa ndani hufungiwa na kufunguliwa na mwenzake.

"Mzee, nakufungia," alisema Randa, fundi mwenzake, penseli sikioni. "Ukitaka kutoka gonga. Usigonge kwa adabu, leo nina mbao arobaini za kupasua."

"Simu yako iko wapi?"

"Kwenye koti, koti kwenye msumari. We fanya uchawi wako bwana."

Komeo likalia. Ngazi akainamisha kichwa mbele ya kompyuta, akamwomba Mungu ampe utulivu wa moyo na akili ya kusoma kilichoandikwa. Akawasha.

Ngazi ya mteja alishaichora siku nyingi. Aliyeitaka alikuwa daktari wa meno, ambaye mama yake mzee hawezi tena kupanda ngazi iliyonyooka. Alitaka ya kuzunguka, yenye vikanyagio vipana. Mistari ilikuwa tayari, vipimo tayari. Programu ya kuchorea ndiyo iliyogoma kuionyesha ikiwa imesimama na kuzunguka. Kila alipoiamuru, ilimjibu kwamba maktaba ya picha iliyomo kwenye kompyuta ni ya zamani mno.

Maktaba hiyo mwalimu aliwaeleza vizuri. Si programu ya kufungua na kutazama. Ni kama sanduku la vifaa ambalo programu nyingine zote huazima humo namna ya kupiga mstari, kupaka rangi na kutia kivuli. Waliotunga maktaba ile waliiacha wazi, mtu yeyote auchukue msimbo wake, yaani maandishi yaliyoiunda, na kuutumia bure, jambo ambalo Ngazi alipolisikia mara ya kwanza alisema kimoyomoyo kwamba watu hao Mungu awabariki. Ila kompyuta ya karakana ilikuwa ya kale, hakuna aliyeitengenezea toleo jipya lililo tayari. Ilibidi auchukue msimbo na kuijenga maktaba mwenyewe, palepale, kipande kwa kipande.

Hilo halikumtisha. Kwake lilikuwa useremala mtupu. Daftarini aliandika: kwanza mashine ikague kama zana zote zipo. Pili ijenge. Tatu ifunge mahali pake. Alishusha msimbo kutoka mtandaoni Ijumaa, akaukagua, na sasa akaandika amri ya kujenga. Maneno yakaanza kuteremka kwenye kioo, na namba pembeni: kipande cha kumi kati ya elfu moja mia mbili. Cha kumi na moja. Cha kumi na mbili.

Saa tatu na nusu kilikuwa cha mia tano. Nje msumeno ulikuwa unapiga kelele bila kupumua. Ngazi alikaa mikono magotini, akawa kama fundi aliyefika kazini akakuta saruji haijakauka. Mikono isiyo na kazi humtafutia mtu makosa. Akajiuliza, hiki kipya kikishamalizika nitakiweka wapi wakati cha zamani bado kimekaa pale? Fremu mpya ya mlango haiwekwi juu ya fremu mbovu. Unang'oa, unasafisha, ndipo unaweka. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyofundisha wengine.

Akafungua folda ambamo maktaba ya zamani ilikaa. Kompyuta ikamwomba neno la siri, akalitoa. Ikamuuliza kama ana hakika, akasema ndiyo. Mafaili yakafutika.

Hakuna kilichotokea. Kioo kiliendelea kuwaka, namba ziliendelea kupanda. Akafurahi kwamba ameokoa muda. Kwa furaha hiyo akataka kuitazama ngazi yake kidogo, hata ile ya mistari tu. Programu ikakataa kabisa kufunguka. Akajaribu tena, ikakataa. Moyo ukaanza kumwenda mbio, na mbioni akafanya lile ambalo kila mwanafunzi wa jioni hulijua kabla ya mengine yote: akazima, akawasha.

Kioo kilikuja cheusi. Akangoja. Kikabaki cheusi.

Alitazama kile cheusi mpaka akajiona mwenyewe ndani yake, na nyuma yake mlango. Akaenda kuugonga. Aligonga kwa ngumi, halafu kwa kiganja, halafu kwa mguu wa kiti. Msumeno ulimeza yote. Akachomoa kitambaa kwenye tundu la kitasa ili apige kelele, na kabla hajasema neno vumbi likamwingia mdomoni. Alikohoa akainama, akakohoa akapiga magoti. Alipopata pumzi alirudisha kitambaa na kuegemea mlango. Joto lilikuwa limejaa chumba chote. Lile dirisha lilikuwa na misumari kumi na miwili; alijua idadi kwa sababu ni yeye aliyeipigilia.

"Bwana," alisema kwa sauti, "mimi ndiye niliyefunga dirisha. Mimi ndiye niliyeng'oa kitasa. Na hiki cheusi pia ni mimi. Sikuombi unitoe kwa miujiza. Nionyeshe tu pa kushika."

Akachukua simu, akampigia mwalimu.

Mwalimu alikuwa kliniki, kwenye foleni na mtoto wake, akaongea kwa sauti ya chini. "Mzee wangu, salama?"

"Mwalimu, nimeharibu." Akamweleza yote, hakuruka kitu.

Mwalimu akajivuta pembeni ya foleni. Kisha: "Baba, yaani umeng'oa ngazi ukiwa ghorofani."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kioo chote kinaazima humo kwenye sanduku ulilolitupa. Madirisha, vitufe, kila kitu. Wakati kompyuta imewaka ilikuwa imeshashika vifaa mkononi, ndiyo maana hukuona kitu. Ulipozima, ikaviachia." Mtoto alilia, akambembeleza. "Sasa nisikilize. Kibodi inafanya kazi?"

"Taa yake inawaka."

"Shika vitufe vitatu kwa pamoja, vile vya kukupeleka kwenye maandishi matupu. Viko daftarini kwako, nilivisema siku ya umeme kukatika."

Akafunua daftari. Vilikuwepo, vimepigiwa mstari. Akavishika. Pembeni juu ya kioo kikatokea kistari cheupe kinachopepesa, kikimuuliza jina lake. Ngazi alijikuta anakiitikia: "Nipo."

"Mwalimu, kimekuja."

"Sasa ingia, nenda kwenye folda ya msimbo, rudia amri ileile ya kujenga. Usiogope, haianzi mwanzo. Vipande vilivyokwisha haivirudii, inaendelea ilipokomea. Ikimaliza funga, halafu fuata daftari lako mpaka mwisho. Mpaka mwisho, baba, umesikia? Naitwa ndani."

Simu ikakatika. Ngazi akaandika herufi moja moja, kidole kimoja. Namba zikarudi: kipande cha mia sita na tatu. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Akahesabu, akaona ikienda vile itamaliza saa sita kasoro dakika chache, mradi asikosee tena hata mara moja.

Kwa zaidi ya saa moja na nusu hakugusa kitu. Alikaa juu ya mikono yake, kweli aliikalia, ili isifanye busara nyingine. Akaomba kwa midomo tu. Jasho lilishuka mgongoni mwa shati la kukutana na mteja. Mara mbili namba zilisimama, mara mbili akasimama nazo, zikaendelea. Kipande cha elfu moja. Cha elfu moja na mia. Saa sita kasoro dakika sita kikafika cha mwisho, akatoa amri ya kufunga, mafaili yakaingia mahali pake mstari kwa mstari. Akawasha upya.

Kioo kikawa cheusi.

Msumeno ukanyamaza. Katika ukimya ule akasikia sauti ya Mama Karakana ikija, na sauti ya mwanamume asiyemfahamu. Komeo likalia, mlango ukafunguka, hewa ikaingia. Walisimama watatu: Mama Karakana, daktari wa meno na mwavuli wake, na nyuma yao Randa, mweupe kwa vumbi.

"Ngazi, huyu ndiye daktari," alisema Mama Karakana. Akatazama kioo. "Kulikoni? Umeme?"

Neno umeme lilikuwa pale, amewekewa mkononi. Mtu angelitumia tu. Randa, ambaye umeme anaujua kwa kuwa alikuwa anapasua mbao nao tangu asubuhi, alimtazama na kuinua nyusi, kama kumwambia sema, nakuunga mkono.

"Umeme upo, Mama," alisema Ngazi. "Ni mimi. Niling'oa kitu cha zamani kabla kipya hakijawa tayari. Nimekijenga kipya, nimekifunga, ila hakijawaka. Nipe dakika mbili nisome daftari langu mpaka mwisho."

"Yaani kama kitasa," alisema Randa, taratibu.

"Kama kitasa."

Daktari wa meno akakohoa. "Kwetu sisi lazima ung'oe kwanza," alisema.

"Ndiyo maana watu wanakukimbia, daktari," Randa akamjibu.

Mama Karakana hakucheka. Alitazama saa yake. "Mbili," alisema.

Ngazi akafunua ukurasa. Chini ya hatua ya kufunga kulikuwa na mstari mmoja uliopinda, alioandika darasani kengele ya kutoka ikilia, wenzake wameshasimama: *iambie mashine kipya kiko wapi, isome orodha ya maktaba upya*. Na amri yake, neno moja. Maktaba mpya ilikuwa imekaa kwenye folda yake yenyewe, si ile aliyoisafisha, na mashine ilikuwa bado inakitafuta cha zamani palepale. Fundi yuko mlangoni, hakuna aliyemwambia aingie.

Akashika vitufe vitatu. Akaandika neno lile. Akawasha upya, na mikono akaiweka magotini.

Kioo kilikaa cheusi muda wa mtu kuvuta pumzi mara tatu. Halafu kikageuka kijivu, halafu buluu, na madirisha yakajipanga. Akafungua mchoro. Ngazi ikasimama katikati ya kioo, vikanyagio vipana, kivuli chini ya kila kimoja, ikaanza kuzunguka. Ilizunguka kwa kukwamakwama, maana kompyuta ilikuwa ya kale. Lakini ilizunguka.

Daktari aliinama, akafuata kikanyagio kimoja kwa kidole. "Mama yangu atashika wapi hapa, kwenye kona?"

"Mkono wa ngazi unamfuata mpaka juu, haukatiki," alisema Ngazi, akaigeuza amwonyeshe. Daktari akaangalia, akatikisa kichwa polepole kwa kukubali.

Mama Karakana alikigusa kitambaa kwenye tundu la mlango, kikaanguka. Alikitazama pale sakafuni, akamtazama Ngazi na shati lake lililolowa. "Ulikuwa umefungiwa humu tangu saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Chumba ni chako," alisema. "Ila mtu anayeng'oa kwanza na kufikiri baadaye, nikimwachia chumba, kesho nitakuta hakina paa. Nataka niisikie ahadi yako, na hawa waisikie."

Ngazi alisimama. Alimtazama daktari wa meno, akamtazama Randa, kisha Mama Karakana, na akasema kwa sauti ya kutosha kufika kwenye mashine za nje:

"Mbele ya Mungu na mbele yenu watatu: kuanzia leo sing'oi cha zamani kabla kipya hakijasimama na nikakijaribu. Na kitasa cha mlango huu nitakitia leo, kwa ndani, kabla sijatia kitu mdomoni."